Nyayo Zikiwaka Moto, Usinyamaze

Nilipokuwa daktari mchanga, wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi walikuwa wakiniambia, "Daktari, nyayo zinaniwaka moto." Wengine mashavu yalikuwa yamebonyea. Msomaji, ili uelewe kilichowapata, hebu tuingie ndani ya seli.

Karibu kila seli ina vijisehemu viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Mitokondria ina DNA yake, uliyoirithi kwa mama yako, yenye jeni 37 tu.

Jeni ni maagizo, na maagizo hayafai kitu mpaka yanakiliwe. Mnakili ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Umbo lake ni kama mkono uliokunjwa nusu: DNA hukaa kiganjani, navyo vidole na kidole gumba huishikilia. Kina wasaidizi wawili. Protini ya TFAM huikunja DNA na kukionyesha pa kuanzia, nayo TFB2M huzitenganisha nyuzi zake mbili zisomeke.

Kimeng'enya hiki kina kazi ya pili. Huandika kipande kifupi cha RNA, kisha mwenzake, polimerasi gama, huanzia hapo kujenga DNA mpya ya mitokondria.

Hapo ndipo dawa ya stavudini ilipoleta madhara. Iliundwa ili ikihadae kimeng'enya cha virusi kwa kujifanya tofali la DNA. Kwa bahati mbaya, ilikihadaa pia polimerasi gama. Ujenzi ulikatika, DNA ikapungua, mnakili akakosa cha kunakili. Nguvu zilipopungua, mishipa ya fahamu ya miguuni iliumia. Wagonjwa wachache walijaa asidi katika damu, hali iliyoweza kuua.

Mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishauri nchi kuachana na stavudini. Tembe za sasa zenye dolutegraviri ni salama zaidi kwa mitokondria.

Hata hivyo, nyayo kuwaka au kufa ganzi bado ni dalili ya kuangaliwa. Huweza kuletwa na virusi vyenyewe, kisukari, pombe, au isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Usiache tembe zako kwa hiari yako. Mwone daktari mapema, kwani mishipa ikiumia kwa muda mrefu huenda isipone kabisa.