TENGENEZA IGISORO UANI, LAKINI ANGALIA KETE NA MAJI



Huenda mgonjwa wako ametumwa Kigali kwa matibabu, nawe umefikia kwa jamaa Gisimenti, pale Remera. Siku ya kungoja ni ndefu, na watoto wamefungiwa uani kwa sababu barabara ina magari mengi. Au uko kambini na mzee wako hana la kufanya tangu asubuhi. Igisoro unaweza kuutengeneza kwa nusu siku bila kununua kitu. Ni ndugu wa omweso wa Uganda na bao la Tanzania na Zanzibar: mashimo 32, kete 64, watu wawili.

Chagua mahali penye kivuli, mbali na choo, bomba na mfereji wa maji. Chimba mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja. Shimo liwe na upana wa kikombe cha chai na kina cha vidole vitatu, si zaidi. Kama ua umesakafiwa, chora duara kwa mkaa. Mchezo ni uleule, na mwenye nyumba hatakasirika.

Sasa maji. Mbu wa malaria hutaga hata katika dimbwi dogo, na shimo la udongo mgumu hushika mvua. Mvua ikinyesha, kausha mashimo siku hiyohiyo au yafukie kwa mchanga mkavu. Kuyafunika kwa kipande cha bati usiku ni bora zaidi.

Kete ndizo zinazotutia wasiwasi. Kokota mawe laini yanayolingana, uyaoshe kwa sabuni. Usitumie mbegu za mbarika, ambazo Wanyarwanda huita ikibonobono, wala zile nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watoto hupenda kuzitunga shanga. Zote mbili zina sumu kali zikitafunwa. Mtoto akizitafuna, usingoje aanze kutapika. Mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na mbegu iliyobaki. Maharagwe nayo yaache jikoni.

Hata jiwe safi linaweza kumkaba mtoto mdogo. Hesabu kete 64 kila mchezo unapokwisha, uzifunge mfukoni. Ikipungua moja, itafuteni kabla hamjaondoka. Mtoto akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, muinamishe kichwa chini na umpige mgongoni, katikati ya mabega, mara 5 kwa kiganja. Isipotoka, aliyezidi mwaka mmoja mbinye tumbo juu ya kitovu mara 5 kwa kuvuta ndani na juu. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze chali, mbinye katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia kwa zamu huku mwenzako akiita msaada. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani.

Kucheza: kila mtu ana mistari miwili iliyo upande wake. Weka kete 4 katika kila shimo la mstari wa nyuma. Chukua kete za shimo moja lenye kete 2 au zaidi, uzidondoshe moja moja kuzunguka mistari yako kinyume cha saa. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, zichukue zote uendelee. Lakini kama shimo hilo ni la mstari wa mbele, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayolikabili yana kete, unazichukua hizo zake na kuzidondosha kuanzia pale ulipoanzia mzunguko huo. Asiye na shimo la kuchezea ameshindwa. Ziko pia kanuni za kurudi nyuma. Waulize wazee, watafurahi kuulizwa.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kucheza na baada ya kucheza, kwa kuwa kete hupita mikononi mwa wengi. Kukiwa na ugonjwa wa kuhara mtaani au kambini, pumzisheni mchezo mpaka mhudumu wa afya awaambie.