Somo la Ushirika: Kwa Nini Mbinu Mpya Haziwafikii Wanakikundi Wote

Katika vikundi vya wakulima, mafunzo huwafikia wanachama siku moja, lakini mbinu mpya haianzi kutumika kwa wote siku moja. Wilayani Rungwe, parachichi aina ya Hass ni mfano ulio wazi: wapo wanaovuna, na wapo ambao bado wana migomba na chai pekee. Ni rahisi kusema kwamba waliobaki nyuma ni wagumu wa kubadilika. Mara nyingi sababu imo katika hali ya kaya, na kikundi kinaweza kuipunguza.

Ardhi na kipato

Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja huchukua miche 80 hivi, na mche uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa 3. Mwenye ekari 5 hutenga moja na kusubiri. Mwenye nusu ekari, inayompa chakula na ada ya shule, hawezi kusubiri hivyo. Chai humfaa kwa sababu huchumwa sehemu kubwa ya mwaka. Kusita kwake ni hesabu, si ujinga. Mwaka 1943 watafiti Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu mahindi chotara katika jimbo la Iowa, Marekani. Huko pia wenye mashamba makubwa na elimu zaidi ndio waliotangulia.

Jinsia

Kwa desturi ya Wanyakyusa, ardhi ya ukoo hurithiwa upande wa wanaume. Hivyo mwanamke anaweza kupalilia na kuchuma chai, huku uanachama na malipo vikiwa kwa jina la mume. Akifundishwa kupogoa, huenda asiwe na kauli shambani. Naye mwenye kauli hakuhudhuria mafunzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Elimu na umri

Kijana aliyesoma huandika kumbukumbu za dawa na mavuno bila shida. Mzee anajua ni bonde gani hutuama maji mvua za Tukuyu zikizidi, na mparachichi hauvumilii maji yaliyotuama. Kikundi kinawahitaji wote wawili.

Kikundi kifanye nini

Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, kupitia chama chao cha RSTGA, walipata hisa katika kampuni ya chai ya Wakulima. Mkulima mmoja mwenye nusu ekari asingefika huko peke yake. Kwa moyo huo, kikundi kinaweza:

1. Kuanzisha kitalu cha pamoja na kuwakopesha miche wasio na fedha, walipe baada ya mavuno ya kwanza.
2. Kuruhusu mwanachama kuanza na miche 10, akipanda maharage katikati ya miche ingali midogo.
3. Kuwaandikisha mke na mume wote wawili, na kuwaalika pamoja mafunzoni.

Swali la kujadili

Katika kikundi chenu, nani hajaanza kutumia mbinu mpya, na anakosa nini hasa: ardhi, fedha, kauli au maarifa? Jibu lifikishwe kwa afisa ugani wa kata kabla ya mafunzo yajayo kupangwa.