Dawa za Maumivu na Uvimbe: Zifahamu Kabla ya Kumeza

Kwa nini kijitabu hiki

Mgongo ukiuma, jino likisumbua au goti likivimba, wengi wetu hukimbilia duka la dawa, tukanunua vidonge vya maumivu na kurudi kazini. Dawa hizi zina msaada mkubwa. Lakini njia ileile inayoondoa maumivu ndiyo inayoweza kudhuru tumbo, figo na moyo. Anayeielewa njia hiyo hujua lini ameze na lini aache.

Dawa zenyewe

Kundi hili lina aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini, meloksikamu na nyingine. Parasetamoli haimo: hushusha homa na kutuliza maumivu, ila haipunguzi uvimbe kama hizi.

Zinafanya nini mwilini

Ukiteguka mguu, mahali palipoumia huvimba, hupata joto na kuuma. Hapo mwili unatengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho siklooksijenasi. Kemikali hizo hupanua mishipa midogo ya damu na kuzidisha ukali wa maumivu. Zikitengenezwa kwenye ubongo, hupandisha homa.

Dawa hizi hukizuia kimeng'enya hicho. Aliyelibaini hilo, mwaka 1971, ni mwanasayansi wa Uingereza John Vane, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Wakati huo aspirini ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya miaka 70.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine njema. Tumboni hulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi. Kwenye figo husaidia damu kupita hata mwili unapopungukiwa na maji. Dawa inapozizuia gotini, inazizuia na huko pia.

Zinasaidia wapi

- Maumivu ya hedhi. Prostaglandini nyingi huukaza mji wa mimba. Ibuprofeni ikimezwa maumivu yanapoanza hupunguza kukazwa huko.
- Viungo na majeraha: jongo, baridi yabisi, kuteguka na maumivu ya meno.
- Moyo na ubongo. Aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, huzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Hupewa waliowahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha damu kuganda. Baadhi ya wajawazito pia hupewa kuwakinga na kifafa cha mimba. Usiianze wala kuiacha bila ushauri wa daktari.

Nani aulize kwanza

- Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyewahi kuwa navyo.
- Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au presha. Baadhi ya dawa za presha zikitumiwa pamoja na za kuongeza mkojo, kisha ikaongezwa ya maumivu, figo zinaweza kushindwa kazi.
- Mwenye pumu, kwani baadhi ya wenye pumu hubanwa na kifua.
- Mjamzito. Kuanzia wiki ya 20, dawa hizi zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni.

Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila agizo la daktari: inaweza kumletea ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo. Mtoto anayeharisha na kutapika asipewe ibuprofeni, maana figo zake tayari zimekosa maji.

Homa isiyojulikana chanzo

Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ikiwemo ya mwaka 2014 na 2019. Dengue hupunguza chembe sahani, na dawa za kundi hili zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Mwenye homa apewe parasetamoli kwa kipimo sahihi, apelekwe mapema kupimwa malaria na dengue.

Matumizi salama

1. Tumia kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache. Ibuprofeni kwa mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8. Bila agizo la daktari, usivuke 1,200 kwa siku.
2. Usichanganye dawa mbili za kundi hili. Soma jina la dawa yenyewe lililoandikwa chini ya jina la biashara, kwani vidonge viwili vyenye majina tofauti vinaweza kuwa na diklofenaki ileile.
3. Meza baada ya kula, na usinywe pombe. Hata hivyo, chakula si kinga kamili.
4. Usidhani sindano ni salama kwa tumbo. Dawa husafiri kwa damu, hivyo kinga ya tumbo hupungua hata bila kumeza kidonge.
5. Maumivu yakiendelea baada ya siku chache, nenda kituo cha afya chanzo kitafutwe.

Dalili za hatari

- Choo cheusi kama lami, au kutapika damu.
- Mkojo kupungua, uso au miguu kuvimba.
- Kifua kubana, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla.
- Midomo kuvimba, kuwashwa mwili mzima au kupumua kwa shida.

Ukiona mojawapo, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali mara moja, ukiwa na pakiti za dawa zote ulizotumia.