Maji Katika Mashine ya Kuangua Mayai

Vikundi vingi vimenunua mashine ya kuangua mayai, vingine ya stima, vingine ya sola au taa ya mafuta. Tukiwatembelea tunaulizwa maswali ya joto: iwe nyuzi ngapi, na stima ikipotea tufanye nini. Ni maswali mazuri. Lakini juu ya maji ni nadra mtu kuuliza, na hapo ndipo vifaranga wengi hufia. Somo letu la leo ni la maji, yaani unyevu wa hewa ndani ya mashine.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kiliweka pesa za mzunguko kwa miezi mingi mpaka kikanunua mashine ya mayai 60. Kila mama alileta mayai yake. Siku ya 7 walipima kwa tochi, wakatoa mayai 8 yasiyo na mbegu. Yakabaki 52. Siku ya 22 walikuwa na vifaranga 14 peke yake. Wale 38 walikuwa wamekufa ndani ya mayai, wengine hata wameshatoboa ganda.

Tulipofika tulikuta mkutano umechemka. "Mwalimu, hii mashine ni bure kabisa," mweka hazina akasema. Mwingine akasema mayai ya fulani yalikuwa ya zamani. Nyanya mmoja akanong'ona kwamba kuna mtu wa jicho baya aliyechungulia. Wawili walikuwa wanadai mchango wao urudishwe siku hiyo hiyo.

Tuliomba karai, tukaketi chini ya mti, tukavunja mayai yale moja moja mbele ya wote. Vifaranga walikuwa wamekamilika, wana manyoya na kucha. Lakini utando wa ndani ulikuwa umekauka kama karatasi, umewashika kama gundi. Tukauliza, "Maji mliweka lini?" Kimya. Halafu mama mmoja wa zamu akajibu, "Siku ile ya kwanza, Mwalimu. Hatukuambiwa kuongeza."

Ni kweli hawakuambiwa. Daftari la zamu tuliwachorea sisi wenyewe. Lilikuwa na safu ya joto na safu ya kugeuza mayai. Safu ya maji haikuwapo. Tuliwaomba msamaha hapo hapo chini ya mti, na ndiyo maana tunaandika somo hili.

YAI LINAPUMUA

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hewa safi huingia humo, na mvuke wa maji hutoka. Ni lazima yai lipoteze maji kiasi, ili chumba cha hewa kilicho upande wa butu kikue. Siku za mwisho kifaranga hutoboa chumba hicho na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo, kabla ya kugonga ganda.

Hewa ya mashine ikiwa kavu mno, yai hupoteza maji mengi, na kifaranga hushikwa na utando uliokauka. Ikiwa na maji mengi mno, chumba cha hewa hubaki kidogo, kifaranga huvimba, na anaweza kuzama katika maji ya yai lake mwenyewe. Kwa hiyo tunatafuta kiasi cha katikati.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Kwa mayai ya kuku, katika mashine yenye feni, joto liwe nyuzi 37.5 za Selsiasi. Unyevu uwe hivi:

Siku ya 1 hadi 18: asilimia 50 hadi 55.
Siku ya 19 hadi 21: asilimia 65 hadi 70.

Utapimaje? Kuna vipimo vya dijitali vinavyoonyesha joto na unyevu pamoja. Lakini visiaminiwe tu hivi hivi. Kijaribu chako kwanza. Weka chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, ongeza matone ya maji iwe kama uji mzito, kisha uifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Chumvi isikiguse kipimo. Waache usiku kucha. Asubuhi kipimo kisome 75. Kikisoma 70, ujue kinapunguza 5, uandike hivyo kwenye daftari.

Wasio na kipimo hicho watumie vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu. Kingine kivalishe kipande cha kamba ya kiatu ya pamba, na ncha ya kamba iingie kwenye kikombe cha maji safi. Kamba itanyonya maji kama utambi wa taa. Kile cha maji kitasoma chini ya kile kikavu, kwa sababu maji yakikauka hupoza. Kikavu kikiwa 37.5, kile cha maji kiwe kati ya 28 na 30 katika siku 18 za kwanza, na kati ya 31 na 33 katika siku 3 za mwisho. Njia hii inataka feni, maana bila hewa kutembea kipimo hudanganya. Kamba ikishikwa na chumvi ya maji, badilisha.

Njia ya tatu ni mizani ya jikoni, na hii hufaa mashine ya kila aina. Andika namba kwa penseli kwenye mayai 10, uyapime pamoja kabla ya kuyaweka ndani. Kufikia siku ya 18 yanatakiwa yawe yamepungua uzito kwa asilimia 11 hadi 13. Mfano: mayai 10 yenye gramu 500 yawe karibu gramu 477 siku ya 7, gramu 453 siku ya 14, na gramu 440 siku ya 18. Yakipungua haraka kuliko hivyo, ongeza unyevu. Yakichelewa kupungua, punguza unyevu.

KUONGEZA NA KUPUNGUZA

Wengi hudhani sinia yenye kina kirefu ndiyo inayoleta unyevu zaidi. Hapana. Kinachohesabika ni upana wa maji yanayoguswa na hewa. Ukitaka kuongeza, weka sinia pana zaidi au ya pili, au simamisha kipande safi cha sifongo ndani ya maji. Ukitaka kupunguza, weka sinia ndogo. Tumia maji safi ya vuguvugu, maana maji baridi huteremsha joto la mashine.

Usizibe matundu ya hewa ili kufungia unyevu ndani. Vifaranga wanapumua, na siku za mwisho ndizo wanazohitaji hewa zaidi.

Tena, usiige jirani wa mbali bila kupima. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wana hewa yenye maji, pengine sinia ndogo inawatosha. Kajiado au Kitui wakati wa kiangazi, sinia hiyo hiyo itakauka upesi. Na juu kabisa kama Nyandarua, ambako hewa ni nyepesi, yai hupoteza maji haraka kuliko mahali pa chini.

SIKU TATU ZA KUTOFUNGUA

Siku ya 18 acha kugeuza mayai, jaza maji, ongeza upana wa sinia, kisha funga. Hapa ndipo tunaposhindwa, kwa sababu kila mtu anataka kuona. Sauti ya kwanza ikisikika, watoto wanaitwa, majirani wanaitwa, kifuniko kinafunguliwa. Kila ukifungua, unyevu wote hutoka mara moja, na yule aliyetoboa ganda hukaukiwa na utando akiwa nusu ndani nusu nje.

Mtu husema, "Lakini aliyetoka atakufa njaa." Hatakufa. Kifaranga huvuta kiini cha yai tumboni kabla ya kutoka, na kinaweza kumlisha siku 2. Mwache akauke humo ndani pamoja na wenzake. Kutoka kutoboa ganda mpaka kutoka kabisa huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Usimvute.

KUKU ANAYEATAMIA

Wasio na mashine wasidhani somo hili si lao. Kiota cha juu karibu na mabati wakati wa jua kali hukausha mayai vilevile. Kiweke chini kivulini, tandika udongo wenye unyevu kidogo, usiwe tope, na juu yake nyasi kavu. Kuku awe na maji karibu, na mengine mwachie mwenyewe.

MAYAI YALIYOKUFA YANASEMA

Siku ya 22, kabla ya kulaumiana, vunjeni mayai yaliyobaki mkiwa pamoja.

Utando mkavu, chumba cha hewa kikubwa, kifaranga mdogo aliyegandamana: hewa ilikuwa kavu.

Kifaranga amevimba, ana maji maji, chumba cha hewa kidogo: unyevu ulizidi.

Damu kidogo tu au mtoto wa siku chache: usitafute kosa katika maji. Angalia joto, kugeuza, au mayai yaliyokaa zaidi ya siku 7 kabla ya kuwekwa.

MWISHO WA KISA

Akina mama wale walikubali kujaribu mara moja tena. Daftari likapata safu ya tatu, MAJI, na wa zamu anatia sahihi asubuhi na jioni. Kifuniko kilifungwa kamba siku ya 18, na ufunguo wa nyumba akapewa yule nyanya aliyesema mambo ya jicho baya. Alilinda mlango kama askari. Mayai yenye mbegu yalikuwa 50, na vifaranga waliotoka 41. Hakuna aliyedai mchango wake tena, ingawa mmoja wa wale wawili ametuambia bado anaona haya kwa maneno aliyomtupia mwenzake. Daftari tunaweza kulirekebisha kwa siku moja. Maneno kama hayo huchukua muda mrefu zaidi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Daftari letu la zamu lina safu ya maji? Nani anatia sahihi?
2. Mahali petu ni pakavu miezi gani? Tutabadilisha nini miezi hiyo?
3. Siku za mwisho, ufunguo ukae kwa nani?
4. Tukipata hasara, tunatafuta sababu kwanza au tunatafuta mtu wa kulaumu?