Dawa ya viroboto: inaua kiroboto, na mdogo wako je?

Jumamosi asubuhi, Kisarawe. Mbwa anajikuna mpaka anatoka damu. Kaka mtu anakumbuka kwamba uvunguni kuna chupa ya dawa iliyobaki msimu wa kupulizia mikorosho.

"Bibi, hii si inaua wadudu? Nimpake Simba kidogo?"

"Mpake, mjukuu wangu. Viroboto hivi hata usingizi hatupati."

Anakoroga dawa kwenye kopo, anampaka mbwa kwa mikono mitupu. Jioni mdogo wake wa miaka mitatu anamkumbatia Simba, halafu anakula muhogo bila kunawa.

Kisa hiki ni cha mfano tu. Lakini jiulize, kijana mwenzetu: kwenu mambo yanakwendaje?

DAWA INAUAJE?

Dawa nyingi za kuua wadudu shambani, pamoja na baadhi ya dawa za unga za kuku na mbwa, zimo katika makundi mawili: oganofosfeti na kabameti. Zote hushambulia mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ufanye kazi, hutoa kemikali ya kupeleka ujumbe. Kazi ikiisha, kimeng'enya maalumu huifuta kemikali ile na msuli unapumzika. Sumu hizi humzuia mfutaji huyo. Basi ujumbe haukomi: msuli unatetemeka, mate yanamwagika, mwisho pumzi inagoma.

Sasa sikiliza vizuri. Mishipa ya kiroboto, ya mbwa na ya mdogo wako inatumia utaratibu huo huo. Tofauti kubwa ni kipimo. Na dawa ya mikorosho haikupimwa kwa ajili ya ngozi ya mbwa wala mkono wa mtoto.

INAINGIA NJIA GANI?

Njia ni tatu: ngozi, pumzi na mdomo. Mtoto mdogo yuko hatarini zaidi. Uzito wake ni mdogo, anacheza chini, na mikono yake haiishi kwenda mdomoni.

Hata bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa si za kuchezea. Mwaka 2014 huko Marekani, kampuni mbili zilikubaliana na serikali kuacha kutengeneza mikanda ya shingoni ya viroboto yenye sumu ya propoksa, ambayo ni kabameti. Tathmini ilikuwa imeonyesha hatari kwa watoto katika baadhi ya nyumba, hasa siku ile ya kwanza mnyama anapovalishwa. Kama mkanda uliopimwa kiwandani ulileta wasiwasi, je, kopo la kukadiria kwa macho?

Na paka ndio kabisa. Dawa ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake unashindwa kuivunja.

SOMO LA VIKUGE

Wengine watasema, "Aa, ikimwagika uani si tutafagia!" Tusogee Kibaha. Pale Vikuge palikuwa na shamba la serikali ambalo mwaka 1986 lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimepitwa na wakati. Banda la kuhifadhia likaanguka. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta baadhi ya udongo wa juu una DDT na masalia yake hadi asilimia 28. Sumu ilikutwa pia sentimeta 50 chini ya ardhi, na hata kwenye maji ya kisima.

Ni kweli, sumu nyingi za siku hizi huvunjika mapema kuliko DDT. Lakini somo ni lile lile: kutoiona sumu si dalili kwamba haipo.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Dalili ni hizi: kutokwa jasho, machozi na mate mengi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, kifua kubana, na degedege. Ukiziona:

1. Mtoe mgonjwa kwenye sumu na umvue nguo zilizolowa. Jikinge mikono yako.
2. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Kama imeingia machoni, suuza kwa maji safi dakika 15.
3. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta.
4. Mkimbize kituo cha afya au hospitali, na uchukue chupa ya dawa. Mganga akijua ni sumu gani, atajua pa kuanzia.

BASI VIROBOTO TUVIACHE?

Hapana. Tuvipige pale vilipo. Viroboto unavyoviona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu. Vilivyo vingi bado ni mayai, lava na pupa, na vimejificha kwenye vumbi, nyufa na gunia analolalia. Ndiyo maana unampaka mbwa leo, na wiki ijayo vimerudi.

- Fagia anapolala mnyama mara kwa mara, na uchome taka mbali na nyumba.
- Fua gunia lake kwa maji ya moto, kisha lianike kwenye jua kali.
- Mwogeshe mbwa kwa sabuni ya kawaida, mchane kwa kitana, na uchovye kitana kwenye maji ya sabuni.
- Endelea hivyo wiki nne au zaidi, maana pupa husubiri.

Vikizidi, mwone afisa mifugo. Nunua dawa yenye kibandiko kinachotaja mnyama wako na uzito wake. Vaa glavu, na watoto wasimshike mnyama mpaka akauke kabisa. Dawa usiihamishie kwenye chupa ya soda. Na dawa ya wadudu ya shambani au ya mnyama usimpake mtoto kichwani, hata kama ana chawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwenu dawa za shambani zinawekwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?
2. Kaka mtu alifanya makosa mangapi? Yataje.
3. Utamwelezaje bibi bila kumvunjia heshima?