Vali ya Usalama: Mlango Ujifunguao na Kujifunga Wenyewe

Kila apikaye maharagwe ajua ya kuwa maji yakichemka sana, mfuniko wa sufuria huanza kucheza. Huinuka kidogo, mvuke hutoka kando, kisha mfuniko hurudi mahali pake. Hakuna mtu aliyeuinua wala aliyeushusha. Ni mvuke ulioinua, na ni uzito wa mfuniko ulioshusha. Lakini kama mfuniko huo ungefungwa kwa waya usiweze kuinuka, na moto ukaendelea kuwaka, mvuke ungejitafutia njia nyingine, nayo ni kupasua chombo.

Jambo hilo la jikoni ndilo lililo katika boila za viwandani. Katika viwanda vya chai vya Kericho mvuke hupasha moto hewa ya kukaushia majani. Katika hospitali kubwa hutumika kufulia nguo na kupikia. Boila yenye msukumo wa ratili 100 kwa kila inchi ya mraba ina maji yenye joto la digrii 170 hivi za Sentigredi, wala hayachemki kwa fujo kwa kuwa msukumo huo wayazuia. Boila ikipasuka, kizuizi huondoka mara moja, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafula. Kibaba kimoja cha maji kikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya vibaba zaidi ya 1,600. Ndiyo sababu boila iliyopasuka huweza kubomoa jengo zima.

Uzito na springi

Mtu aliyeonyesha njia ya kuepuka hatari hiyo alikuwa Mfaransa, Denis Papin. Mwaka 1679 huko London alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko uliokazwa, cha kulainishia mifupa kwa mvuke. Juu ya chungu cha namna hiyo aliweka tundu dogo lenye kizibo, na juu ya kizibo wenzo wenye uzito. Mvuke ulipozidi nguvu uliinua uzito na kutoka.

Siku hizi katika vali nyingi springi imeshika mahali pa uzito. Chini pana mdomo utokao katika boila. Juu ya mdomo pamekaa kisahani cha chuma kilichosuguliwa kikawa laini sana. Na springi hukandamiza kisahani hicho kwenye kiti chake. Hesabu yake si ngumu. Mdomo ukiwa na eneo la inchi 2 za mraba, na vali ikitakiwa kufunguka kwa msukumo wa ratili 100, basi springi hukazwa mpaka ikandamize kwa nguvu ya ratili 200. Mvuke ukiwa na msukumo wa ratili 95, wasukuma kisahani kwa ratili 190 tu, na springi yashinda. Ukifika 100 nguvu ni sawasawa. Ukizidi kidogo, kisahani chainuka.

Kwa nini hufunguka kwa kishindo

Hapa pana jambo la kufikiri. Springi kadiri ibanwavyo ndivyo izidivyo kukaza. Basi kisahani kikiinuka kidogo, springi hukirudisha kwa nguvu zaidi kuliko kwanza. Kama pasingalikuwa na hila nyingine, vali ingaliachia mvuke kidogo tu, na msukumo katika boila ungaliendelea kupanda.

Hila yenyewe ni hii: kisahani hufanywa kipana kuliko mdomo, chenye ukingo pande zote. Vali ikiwa imefungwa, mvuke hauugusi ukingo huo. Ikifunguka kidogo tu, mvuke hutoka kwa mbio na kuupiga ukingo kutoka chini. Sasa eneo la kusukumwa limeongezeka, na springi hushindwa mara moja. Vali hufunguka wazi kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo hiyo haifungi pale pale ilipofungukia. Msukumo ukirudi 100, mvuke ungali unausukuma ukingo, kwa hiyo kisahani hubaki juu. Vali ya boila iliyofunguka kwa ratili 100 huweza kufunga kwa 96. Tofauti hiyo si kasoro, imekusudiwa. Kama vali ingefunga pale pale ilipofungukia, ingefunguka tena mara moja, na kufunga, na kufunguka, ikigongagonga kiti chake mpaka kiharibike. Kugongagonga huko hutokea pia ikiwa bomba la kuingilia ni jembamba mno, kwa kuwa msukumo huanguka chini ya kisahani kila vali ifungukapo.

Maji na mafuta hayatanuki kama mvuke. Vali iliyotengenezwa kwa ajili yake hufunguka polepole kwa kadiri ya msukumo unavyozidi, wala haina kishindo.

Mkono wa mtu

Zamani watu wa mashine walizoea kuongeza uzito juu ya vali, au kufunga wenzo wake, ili gari la moshi lipande mlima kwa nguvu zaidi. Katika miaka ya 1850 Mwingereza John Ramsbottom alitengeneza vali mbili zilizoshikwa na springi moja kati yake. Mtu akikandamiza wenzo upande mmoja, vali ya upande wa pili hufunguka. Siku hizi parafujo ya kukazia springi hufunikwa na kutiwa waya na lakiri ya risasi. Lakiri iliyokatika ni ushahidi ya kuwa mtu amegusa.

Vali isiyofunga

Wengi huiogopa vali isiyofunguka, wakaisahau isiyofunga. Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, msukumo wa maji ya kupozea ulipanda. Vali iliyoendeshwa kwa amri ya umeme ikafunguka kwa ratili 2,255, kama ilivyopasa. Ilitakiwa kufunga kwa 2,205, lakini ilikwama wazi. Taa katika chumba cha uongozi ilizimika, nao wasimamizi wakaamini kwamba vali imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Haikuonyesha kama vali imetii. Maji yakatoka kwa zaidi ya saa mbili. Nao wasimamizi, wakidhani maji yamezidi, walipunguza maji ya akiba. Mwishowe bomba lile likazibwa kwa vali nyingine, lakini karibu nusu ya kiini cha tanuri ikayeyuka.

Yampasayo mfanyakazi

Mtu aliyekabidhiwa boila ayashike haya. Asiweke koki ya kufungia kati ya boila na vali ya usalama. Asikaze springi wala asikate lakiri. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye idhini. Bomba la kutolea mvuke lielekezwe mahali wasipopita watu, wala lisiachwe likajaa maji au kutu. Vali ijaribiwe kwa siku zilizowekwa, kwa kuwa isiyofunguka mwaka mzima huweza kugandamana na kiti chake. Na ikiwa yavuja baada ya kufunguka, isipigwe nyundo wala kuongezwa uzito. Taarifa itolewe, kisahani kikasuguliwe upya.

Tena vali ikilia, haijamaliza kazi yote. Imempa mtu nafasi ya kupunguza moto na kutazama kiasi cha maji. Na ikinyamaza, asitegemee masikio wala taa peke yake. Atazame saa ya msukumo, aone kama mshale umetulia au ungali unashuka.