Maji ya Bwawa la Samaki Yabadilishwe Lini?

Wakulima wengi waliochimba mabwawa ya ngege huuliza: maji yabadilishwe kila baada ya siku ngapi? Wengine huacha mfereji ukimimina mchana na usiku, wakidhani maji meupe ndiyo mazuri. Hiyo ni hasara. Ule ukijani ni mimea midogo mno iotayo kwa nguvu ya samadi, nayo ni chakula cha ngege. Ukiimwaga, umetupa samadi yako mtoni. Jirani akisema maji yako ni machafu, mwache aseme. Ongeza tu kiasi cha maji yaliyokauka kwa jua au kupenya ardhini.

Kupima, tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni hapo, maji ni sawa. Kikionekana bado, tia samadi. Kikipotea mapema, samadi imezidi.

Tena amka ukalitazame bwawa kabla jua halijachomoza. Mimea hiyo hutoa hewa mchana, lakini usiku huivuta hewa ile ile. Ukiona ngege wamejaa juu wakitweta, midomo nje, usingoje kesho, maana wanaweza kufa wote. Acha samadi na chakula, toa maji ya chini, ambayo ndiyo mabaya, na uingize mapya yakianguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Kumwaga maji yote ni kazi ya siku ya kuvua. Hapo acha tope likauke mpaka lipasuke, nyunyiza chokaa, ndipo ujaze tena.